Kanga, kitenge, poplini na shweshwe: kitambaa kipi cha pamba kinafaa kushonea mfarishi?

Mfarishi wa viraka wenye upana wa sentimita 150 na urefu wa sentimita 200, yaani unaotosha kitanda cha futi 4 kwa 6 na kuning'inia kidogo pembeni, unahitaji vipande 391 ikiwa kila kipande kimekatwa mraba wa sentimita 10 na mshono unakula milimita 6 kila upande. Kitambaa kikivutika milimita 2 tu katika kila kipande, safu ya vipande 17 itakuwa imepotoka kwa zaidi ya sentimita 3 kabla hujafika ukingoni, na hapo hakuna pasi wala fundi atakayeinyoosha. Ndiyo maana tathmini hii haikuanza na rangi wala maua. Nimevipima vitambaa vya pamba vinavyouzwa Kariakoo, hasa katika maduka ya Mtaa wa Uhuru, pamoja na vile vinavyoletwa na jamaa wanaosafiri kutoka Afrika Kusini na Marekani, kwa maswali matatu: kimefumwa kwa kubana kiasi gani, kimenyooka kiasi gani, na kinabaki kuwa nini baada ya kufuliwa.

Niseme mapema ninachokipendelea ili msomaji mwenye haraka asihangaike. Kwa uso wa mfarishi, kitenge cha wax kilicho cha pamba tupu ndicho kinachonipa kazi safi kwa bei inayobebeka. Kanga naiweka chini, kuwa bitana, na pembezoni, kuwa pindo, mahali ambapo hakuna kitambaa kingine kinachoishinda. Poplini ya rangi moja inahitajika karibu katika kila mfarishi, lakini ndiyo inayouzwa kwa udanganyifu mwingi zaidi. Shweshwe ya Afrika Kusini ni bora kuliko vyote hivyo kwa ufumaji, ila ni nyembamba kwa upana na haipatikani kwa urahisi kwetu.

Vipimo vyenyewe havihitaji maabara. Cha kwanza ni mwanga: inua kitambaa kikiwa tabaka moja, kielekeze mlangoni, na uangalie kama nuru inapita kwa usawa bila mabaka mazito na mepesi. Ukiona umbo la vidole vyako upande wa pili, kitambaa hicho ni cha mtandio, si cha mfarishi. Mwenye kioo cha kukuzia anaweza kwenda mbali zaidi na kuhesabu nyuzi. Pamba inayotengenezwa mahsusi kwa ajili ya mifarishi kwa kawaida huwa na nyuzi 60 au zaidi katika kila inchi, kwa urefu na kwa upana, na uzito wa takriban gramu 140 hadi 150 kwa mita moja ya mraba. Chini sana ya hapo kitambaa bado kinashoneka, lakini nyuzi zitachomoka kwenye makali yaliyokatwa, mshono mwembamba utaachia baada ya kufuliwa mara kadhaa, na pamba ya katikati itaanza kupenya kwenye matundu ya ufumaji hadi uso wa mfarishi uote vinyweleo vyeupe. Kasoro hii ya mwisho huonekana zaidi kwenye kaniki na vitambaa vingine vyeusi, na wengi huilaumu pamba ya ndani wakati mwenye lawama ni kitambaa cha nje.

Baada ya mwanga hufuata wanga. Karibu kila kitambaa kipya kimepakwa wanga kiwandani, na hilo peke yake si kosa, kwa kuwa husaidia kukata vipande vilivyonyooka. Kosa ni pale wanga unapokuwa ndio uzito wote. Shika pembe ya kitambaa na uisugue kwa nguvu baina ya viganja, juu ya kitambaa cheusi. Ikidondoka poda nyeupe na pembe ile ikalegea kabisa wakati sehemu nyingine bado imesimama, basi ujue kwamba ulichokuwa ukikishika na kukisifia kitaondoka na maji ya kwanza. Halafu pitisha ukucha kwenye makali yaliyokatwa, kwa kukwangua polepole kuelekea nje: kitambaa kilichobana hutoa nyuzi moja au mbili, kilicholegea hutoa shada zima.

Kipimo cha moto kinajulikana, lakini wengi hukifanya nusu. Si kuchomoa uzi mmoja tu. Chomoa uzi wa mtande, unaokwenda na urefu wa jora, na uzi wa mshindio, unaokatiza upana, kwa sababu vipo vitambaa ambavyo upande mmoja ni pamba na upande mwingine ni poliesta. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu ambalo hupotea ukiligusa. Poliesta huukimbia moto kwa kujikunja, huyeyuka, kisha huacha kidonge kigumu cheusi. Ukipata jivu lenye chembe ngumu ndani yake, hapo kuna mchanganyiko. Jambo hili lifanyike nje ya duka, mbali na bidhaa, kwa maana soko lenyewe la Kariakoo liliungua Julai 2021 na hakuna muuzaji atakayekuelewa ukiwasha kiberiti katikati ya majora yake.

Kipimo cha unyoofu ndicho ninachokithamini kuliko vyote, na ndicho kinachosahaulika. Mwombe muuzaji achane kitambaa badala ya kukikata kwa mkasi. Pamba ya ufumaji wa kawaida huchanika kwa kufuata uzi mmoja wa mshindio kutoka ukingo hadi ukingo, kwa hiyo mahali ilipochanikia ndipo penye mstari wa kweli wa kitambaa. Sasa linganisha mstari huo na michoro. Ikiwa mistari au maua yaliyochapishwa yanapanda juu upande mmoja na kushuka upande wa pili, kitambaa kilichapishwa kikiwa kimevutwa mshazari, na hapo utalazimika kuchagua kati ya vipande vinavyofuata uzi lakini vina michoro iliyopinda, na vipande vyenye michoro iliyonyooka lakini vinavyovutika kila upande. Kwa maua makubwa yaliyotawanyika hilo linavumilika. Kwa miraba na mistari halivumiliki.

Kanga, kwa bahati mbaya, huanguka mara nyingi katika kipimo hiki. Naisema hivyo nikiwa mpenzi wa kanga. Kila moja ina takriban mita 1.5 kwa mita 1.1, huuzwa kwa doti, yaani mbili zilizoungana, na pindo linalozunguka mji, yaani sehemu ya katikati, kwa pande zote nne ndilo linalokuonyesha mara moja kama uchapaji ulikwenda kombo: kunja kanga katikati na uone kama pindo la kushoto linalala juu ya pindo la kulia. Nyingi za bei ya chini hazilali. Isitoshe, kanga nyepesi za siku hizi zina nyuzi chache kuliko kitambaa cha mifarishi, na ukizikata miraba midogo ya sentimita 10 unapata hasara mbili kwa pamoja, kwa kuwa mji uliochorwa kwa mapana yake, kwa mfano wenye korosho kubwa, unabaki vipande visivyoeleweka, na kila ukingo unaoukata unachomoka nyuzi. Ukitaka kuitumia juu, kata vipande vikubwa vya sentimita 25 au 30, uache korosho moja nzima katikati ya kila kipande, na uipige wanga upya kabla ya kukata.

Mahali pa kanga ni chini. Doti moja, ikiachanishwa na kuunganishwa tena kwa marefu yake, inatoa bitana la takriban mita 2.2 kwa 1.5, ambalo linafunika mfarishi wetu mzima na kubakiza kidogo kichwani na miguuni, kwa mshono mmoja tu. Kanga pia hulainika kwa kufuliwa, na upande unaomgusa mlalaji ndio unaohitaji ulaini huo. Kuhusu jina, yaani maneno yaliyochapishwa kwenye kanga, ushauri wangu ni kuliacha zima na kulipanga liwe upande wa miguuni, likisomeka kutoka mlangoni. Aliyepewa mfarishi hapendi kugeuza kitanda ili asome alichoambiwa.

Katika kununua natafuta kanga iliyochapishwa alama ya mwenye mali. Zile za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, duka lililoanzishwa mwaka 1887 na kujulikana pwani nzima kwa chapa ya Mali ya Abdulla, ni mfano wa kanga ambazo mnunuzi anajua zimetoka kwa nani. Upande wa Dar es Salaam, kanga za zamani za kiwanda cha Urafiki cha Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, bado zimo katika masanduku ya bibi zetu, na ukipewa moja usiikatae. Imekwisha kufuliwa mara nyingi, imekwisha kusinyaa, na rangi iliyokuwa ya kutoka imekwisha kutoka. Iangalie tu kwenye mwanga, hasa sehemu ambayo fundo la kiunoni hufungwa, kwa sababu hapo ndipo nyuzi huchakaa kwanza.

Kitenge kina tabia nyingine. Wax halisi huchapishwa kwa kupaka utomvu pande zote mbili za kitambaa kabla ya kukitia rangi, na kwa hiyo uso na mgongo wake hulingana kwa ung'avu, pamoja na mishipa midogomidogo ya rangi pale utomvu ulipopasuka. Vlisco, kampuni ya Helmond nchini Uholanzi iliyoanzishwa mwaka 1846, bado ndiyo inayotajwa kama kipimo cha kazi hii, na kitambaa chake huwa na upana wa takriban sentimita 120 na kuandikwa jina lake kwenye ukingo kwa urefu wote. Ni ghali. Sioni haja ya kukinunua kwa ajili ya mfarishi, labda kwa vipande vya katikati, kwa sababu sokoni vipo vitenge vingi vya kuiga wax ambavyo ni pamba tupu, vimefumwa kwa kubana, na kwa cherehani havitofautiani sana na hicho cha Uholanzi. Kigezo changu kinabaki kuwa mgongo wa kitambaa: ukiwa umepauka kabisa kuliko uso, rangi imelala juu tu, na miaka michache ya kufua itauacha mfarishi ukiwa na vipande vilivyochoka na vingine vipya.

Sifa kubwa ya kitenge cha wax ni kwamba hakivutiki ovyo. Nimekata pembetatu, ambazo lazima upande wake mmoja uwe mshazari, na bado zikakutana ncha kwa ncha. Pasi inakikunja na mkunjo unakaa. Sindano namba 80 inapita bila kuruka mishono, ingawa wax mpya ambayo haijafuliwa huacha mabaki ya utomvu kwenye sindano na kwenye bamba la pasi, na hilo ni sababu mojawapo ya kukifua kwa maji ya moto kwanza. Tatizo lake ni ukubwa wa michoro na ukali wa rangi. Vitenge vinne vikiwekwa pamoja bila kitu cha kutulia kati yao vinagombana, na hapo ndipo poplini ya rangi moja inapohitajika.

Poplini ndiyo iliyonisumbua. Kinachouzwa kwa jina hilo katika maduka mengi ya vitambaa vya sare za shule ni mchanganyiko wa poliesta na pamba, mara nyingi asilimia 65 ya poliesta kwa 35 ya pamba, ambao ni mzuri kwa shati la mwanafunzi kwa sababu haukunjamani, na ni mbaya kwa mfarishi kwa sababu hiyohiyo. Mkunjo wa pasi haukai, mshono unavuta na kufanya mabonde, na pasi ya joto la pamba inauachia mng'aro usiotoka. Katika duka moja nisilolitaja, muuzaji alinihakikishia kwa kujiamini: "Mama, hiyo pamba tupu, kafue uje unipe jibu." Nilichomoa nyuzi mbili, nikatoka nazo hadi kibarazani, na zote mbili zikayeyuka. Niliporudi na vile vidonge vyeusi kiganjani, pamba tupu ikawa "imechanganywa kidogo tu". Sina ugomvi na anayeuza mchanganyiko kwa jina lake. Ugomvi wangu ni kwa bei, maana kile kilikuwa kinauzwa kwa bei ya pamba. Poplini ya pamba ipo, ila uliza katika maduka yanayouza vitambaa vya mashuka na foronya, siyo ya sare, na ubebe kiberiti chako.

Hapo ndipo wengine hukimbilia pamba ya Marekani. Nimetumia pamba iitwayo Kona, ya kampuni ya Robert Kaufman, ambayo ina upana wa takriban sentimita 112 na huuzwa kwa rangi zaidi ya 300, na siwezi kuisema vibaya: jora na jora zinalingana, haina wanga wa kudanganya, na baada ya kufuliwa ni laini bila kulegea. Je, inastahili kuagizwa kutoka mbali? Kwa rangi moja unazozikosa kabisa hapa, na kama kuna jamaa anayekuja na nafasi kwenye begi, ndiyo. Kwa vitambaa vya maua, hapana, kwa sababu kitenge kinafanya kazi hiyo vizuri zaidi na kwa pesa kidogo.

Shweshwe nayo imenishangaza kwa wema. Inayotafutwa ni ile yenye chapa ya Three Cats, ambayo kiwanda cha Da Gama cha Zwelitsha, katika jimbo la Eastern Cape, kilinunua haki zake kutoka Uingereza mwaka 1992 pamoja na mitambo ya shaba ya kuchapia. Michoro yake midogomidogo hupatikana kwa kuondoa rangi kutoka kwenye kitambaa kilichokwisha kutiwa buluu, kahawia au nyekundu, kwa hiyo ni makini na haina fujo, jambo linalofaa sana vipande vidogo. Ikiwa mpya ni ngumu kwa wanga, na wanunuzi wa huko huitambua kwa ladha ya chumvi ukiigusa kwa ulimi, lakini tofauti na wanga wa vitambaa nilivyovieleza juu, huu ukitoka unaacha nyuma yake pamba iliyobana kwelikweli. Kinachoudhi ni upana wake wa sentimita 90. Ukiondoa kingo unapata vipande 8 tu vya sentimita 10 katika kila ukanda, badala ya 10 vya kitambaa cha sentimita 110, na kwa mfarishi wa vipande 391 hiyo ni mita 4.9 badala ya mita 4. Ongeza kidogo kwa ajili ya kusinyaa.

Kitambaa kiitwacho marekani, ile pamba isiyopaushwa, nisikisahau. Ina vijidoa vya mbegu, inanuka wanga, na inasinyaa kuliko vyote, lakini ikichemshwa kwanza ni bitana imara na ya bei nafuu kwa mifarishi ya watoto. Bafta nimeiacha kabisa, ni nyepesi mno.

Juu ya kufua sina mjadala: kila kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa, kwa sababu pamba kwa kawaida husinyaa kati ya asilimia 3 na 5, na vitambaa tofauti havisinyai kwa kiasi kimoja. Kata mraba wa sentimita 25, uchore umbo lake kwenye karatasi, ufue kwa maji ya moto, ukaushe, upige pasi, kisha uurudishe juu ya mchoro. Ukikuta sentimita 23.75, hiyo ni asilimia 5, na mita 4 zako zitakuwa zimepoteza sentimita 20. Rangi nayo ipimwe kwa kusugua kitambaa cheupe chenye unyevu juu ya sehemu nyekundu na nyeusi, ambazo ndizo zinazotoka zaidi. Kanga ya kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe pamoja, isipimwe mara moja tu. Chumvi na siki ambazo tumerithishwa kuziloweka haziifungi rangi iliyokwisha kuchapishwa. Kinachosaidia ni kuitoa ile iliyozidi kwa maji ya moto na sabuni, kwa kurudia hadi maji yatoke meupe. Kitambaa kinachoendelea kutoa rangi baada ya hapo hakifai kukaa karibu na kipande cheupe, hata kiwe kizuri namna gani.

Wale wanaotumia mabaki ya mafundi, ambayo mara nyingi hutolewa bure au kwa pesa ya chai, wapime kila kipande peke yake, kwa sababu katika mfuko mmoja hukutana kitenge cha pamba, kitenge cha poliesta na bitana ya suti, na vyote vikiwa vidogo macho hayavitofautishi. Na anayenunua kitambaa kipya anunue mita zote anazozihitaji siku hiyohiyo, kutoka jora lilelile. Mzigo unaofuata wa muundo uleule unaweza kuja na nyekundu iliyokolea zaidi au njano iliyopauka, na tofauti ambayo dukani ilionekana si kitu hutokeza waziwazi vipande viwili vinaposhonwa ubavu kwa ubavu.